Kinanda cha Nyegina Kilivyonunuliwa Kama Ng'ombe

Siku hizi ukitaka kinanda ni rahisi, jamani. Unashika simu, unaandika jina, wanatokea watu kwenye video wanakilinganisha na kingine mbele yako: hiki vibao vyake vipana, hiki sauti yake nyembamba, hiki usinunue kabisa. Unachagua umelala kitandani. Mwaka tisini na moja pale Nyegina hayo hayakuwepo, sawa, nakubali. Lakini mpigaji si alikuwepo? Mzima, vidole vyote anavyo, anakaa pale pale nyuma ya kanisa! Na bado wakaenda kuchagua kinanda bila yeye. Shangazi yangu Marcelina akinisimuliaga hii habari damu inanichemka kama vile nilikuwepo, na mimi nilikuwa hata sijazaliwa.

Kwaya ya Nyegina ilikuwaga na kinanda cha kukanyaga, kile cha mapadre wa zamani. Unakanyaga chini, hewa inaingia kwenye mfuko, unabonyeza juu, kinalia. Sista mmoja wa Makoko ndiye alimfundisha Shangazi tangu yuko shule ya msingi. Halafu ikaja ile miaka ya shida. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, nani atakumbuka kinanda? Panya wakatoboa mfuko. Shangazi akaziba kwa mpira wa baiskeli, wakatoboa pengine. Mwishoni kikawa kinakohoa tu, watu wanacheka katikati ya misa.

Ndipo serikali ikafungulia biashara. Maduka ya Musoma yakajaa vitu ambavyo watu walikuwa wanavisikiaga tu vipo ng'ambo ya mpaka wa Sirari: redio za kaseti, saa za kuwaka, na vinanda vya umeme, vile vya kubeba kwapani, vinakula betri za tochi. Kwaya nzima ikaingia shambani kulima pamba, na hao wanawake wa sauti ya pili ndio waliolima zaidi, msinibishie. Pamba ikauzwa. Baada ya Pasaka kwaya zote zilikuwa zinakutana Butiama, na Nyegina safari hii wangeenda na kinanda chao.

Sasa mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mzee Apolinary. Kazi yake dalali wa ng'ombe, mnada wa Bunda wote wanamjua. Kwenye kwaya anaimba sauti ya nne, na hiyo sauti ya nne yenyewe anabahatisha. Siku ya kwenda Musoma kununua, Shangazi kaamka mapema, kavaa gauni la Jumapili, kamkuta Mwenyekiti na mhazini Werema wanapuliza matairi ya baiskeli.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi nakaa nyuma ya nani?"

"Marahaba. Unakaa nyuma ya nani kwenda wapi?"

"Si Musoma! Naenda kukijaribu kinanda."

"Wewe huendi."

"Siendi? Nani atakijaribu?"

Mzee Apolinary akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mtoto. "Marcelina, binti yangu, mimi nimezeekea mnadani. Mtu mwenye hamu na ng'ombe hatumpelekagi mnadani, anaachwa nyumbani. Muuzaji anasoma macho. Akiona macho yamelegea, anapandisha bei. Wewe ukikiona hicho kinanda utalia pale pale dukani, na Isidori mwenye duka atatuchuna ngozi."

"Mwenyekiti, ng'ombe unamuona miguu na mgongo. Kinanda utakijuaje?"

"Kwa sauti. Masikio ninayo."

Eufrasia, kiongozi wa sauti ya pili, alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. "Masikio unayo, Mwenyekiti, tatizo ile sauti yako ya nne ndio haiyafuati."

Werema akacheka mpaka pampu ikamtoka mkononi. Lakini wakaondoka. Wawili tu! Mmoja anajua ng'ombe, mwingine anajua kushika funguo ya sanduku. Na mpigaji kabaki na gauni lake la Jumapili anapepeta dagaa.

Jioni walirudi wanaimba kabisa njiani. Kwaya yote imeshajaa uwanja wa kanisa. Mzee Apolinary akafungua boksi taratibu, akatoa kitu cha rangi ya fedha, kifupi, kina vitaa vyekundu na vya kijani kila mahali, kama gari la harusi. Akakiweka juu ya meza. Akanyamazisha watoto. Akabonyeza kidubwasha kimoja pembeni, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani.

Kinanda kikaanza kupiga chenyewe.

Jamani! Ngoma, tarumbeta, zeze, sijui nini, wimbo wa wazungu unakimbia, na hakuna mtu amekigusa! Wamama wakapiga vigelegele. Kuna mzee alivua kofia.

"Mmeona?" Mzee Apolinary akasema. "Tulikuta viwili. Tumelinganisha vizuri, msifikiri tumekurupuka. Kingine cheusi, kirefu, kizito, kimechubuka upande, hakina hata taa. Nikamwambia Isidori, hebu na hicho kijipige tusikie. Akasema hicho hakijipigi, mpaka mtu apige. Nikamwambia, mwanangu, nina kinanda kivivu nyumbani, cha nini tena kingine? Nipe huyu anayejua kazi."

Watu wakampigia makofi. Makofi! Kwa ile kanuni ya mnadani kwamba ng'ombe wa kulima unamtembeza kwanza uone anavyovuta!

Shangazi akasogea, akauzima ule wimbo, akaweka mikono. Vibao vyenyewe vyembamba, vya mikono ya mtoto. Kidole kimoja kinabonyeza viwili. Akapanga vidole vizuri, akabonyeza sauti zote nne za "Bwana utuhurumie" kwa pamoja. Zikalia tatu. Akaachia, akabonyeza tena. Tatu. Kila akiongeza ya nne, mojawapo ya zile za mwanzo inakatika kama mtu kabanwa koo.

"Mwenyekiti, hiki kinanda hakiwezi sauti nne."

"Kinaweza tarumbeta na ngoma kwa pamoja kishindwe sauti nne?"

"Huo wimbo umewekwa humo ndani tangu kiwandani. Ni huo huo mmoja. Sisi tunaimba nyimbo zetu."

"Basi tutajifunza huo wake."

"Kanisani?"

"Marcelina." Sasa Mzee Apolinary kabadilisha sauti, kanyoosha kidole mbele ya kwaya nzima. "Sema ukweli tu. Umeona kinajipiga, umeona hatukuhitaji tena, wivu umekushika."

Mnasikia hayo maneno? Mtu amekanyaga kile kinanda cha panya miaka yote hiyo, miguu imevimba, analipwa asante, halafu anaambiwa ana wivu na mashine! Shangazi anasema alitoa mikono kwenye vibao. Alikunja kitambaa chake, akaenda kukaa kwenye benchi.

Na wiki hiyo wakafanya mazoezi bila yeye. Walimweka Werema abonyeze kile kidubwasha cha ngoma, kwaya ifuatishe. Sasa ngoma ya mashine haisubiri mtu. Sauti ya kwanza wanavuta pumzi, mashine imeshapita. Sauti ya nne wanaanza kuingia, mashine imeshafika mbali. Werema anakizima, anakiwasha, wanaanza upya. Padre akatoa kichwa dirishani akauliza kama kuna sherehe. Na Shangazi kwenye benchi anatazama pamba yao ya msimu mzima inaliwa na vitaa.

Usiku wake hakulala kwa hasira. Asubuhi akaenda kwa Eufrasia. "Butiama tutachekwa. Na hiki kikibaki, mjue hatununui kingine tena mpaka tunazeeka, na mimi kupiga ndio basi."

"Twende Musoma," Eufrasia akasema.

Wakakiomba kinanda kwa Werema, eti wanaenda kukifuta vumbi. Wakakifunga kwenye kanga, nyuma ya baiskeli, wakapita Bweri mpaka dukani kwa Isidori. Isidori alikuwa kijana wa mjini, shati limefunguliwa vifungo, anakula karanga.

"Nyie ndio wa Nyegina? Mpigaji ndiye yupi?"

"Mimi," Shangazi akasema.

"Aisee! Wale wazee niliwauliza, mpigaji wenu yuko wapi aje ajaribu? Wakasema hatakiwi kuona."

Akamtolea kile cheusi. Shangazi akakiweka juu ya kaunta, akapangusa vumbi kwa kiganja. Vibao vipana, mkono unakaa. Akabonyeza sauti nne, zikalia nne. Akaongeza mkono wa kushoto wote, zikalia zote, hakuna iliyokatika. Akawa anavibadilisha: hiki, kile, hiki, kile, wimbo ule ule, ili awe na uhakika hadanganywi na hamu yake mwenyewe. Anasema hapo ndipo machozi yalimtoka kweli, na alikasirika zaidi kwa sababu Mzee Apolinary alilisema hilo.

Isidori akatafuna karanga. "Bei ni ile ile, maana hiki kimechubuka, hakinunuliwi. Kubadilisha nabadilisha. Ila sibadilishi na wanawake wawili wenye kinanda cha kwaya kwenye kanga. Kesho wazee wananiletea polisi. Aje aliyenunua, akirudishe kwa mkono wake."

Apolinary akirudishe? Aseme mbele ya kijana wa mjini kwamba alichagua vibaya? Labda ziwa likauke.

Njiani Shangazi analia, Eufrasia anafikiri. Walipofika Bweri Eufrasia akashika breki. "Wewe, ng'ombe wa mahari wakiletwa, upande wa binti si wanawakaguaga?"

"Wanawakagua."

"Wakimkuta mmoja mbovu?"

"Wanamkataa, anarudishwa, analetwa mwingine."

"Na yule mshenga aliyemleta anaonaga aibu?"

Shangazi akafuta macho. Haoni! Mshenga anasema tu "wamekataa", anamswaga ng'ombe anarudi naye. Hakuna anayemuuliza nani alimchagua. Ndivyo ilivyo kwetu, ng'ombe ndiye anayekataliwa, siyo mtu.

Kwenye kikao cha kwaya Eufrasia akasimama, wanawake wote wa sauti ya pili wakasimama naye. Kakunja kanga kiunoni, sauti kaitengeneza ya kikao cha mahari kabisa. "Mshenga wetu Mzee Apolinary, umetutembelea vizuri, tumekushukuru, umechoka. Huyu uliyemleta tumemkagua. Ana pembe nzuri na rangi nzuri. Lakini titi moja halitoi. Sisi wenye binti tumemkataa."

Wazee wa sauti ya tatu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, maana lugha hiyo wanaijua. Mmoja akasema, "Eeh, wenye binti wakikataa, wamekataa."

Mzee Apolinary akatazama kinanda. Akatazama wanawake. Nasikia uso wake ulianza kukunjuka pole pole. "Hawa watu wana maneno," akasema. "Werema, lete baiskeli. Wamekataa hawa."

Akaenda, akamwambia Isidori "wamekataa", akarudi na kile cheusi. Basi! Hakuna pole. Hakuna "Marcelina ulikuwa sahihi". Na Shangazi akalazimika kumshukuru mbele za watu, kwa kusafiri mara mbili!

Butiama waliimba vizuri, vizuri sana, mpaka kwaya nyingine zikaja kukiangalia kinanda. Mimi hilo sitaki hata kulisimulia. Ninalotaka kusema ni Jumapili iliyofuata. Baada ya komunyo, wakati wa matangazo, Mzee Apolinary akapanda mbele, koti la suti, akakohoa.

"Waamini wenzangu, mmesikia sifa za kinanda chetu. Napenda kueleza jinsi kamati yangu ilivyolinganisha vinanda viwili kwa umakini mkubwa. Kingine kilikuwa na mataa mengi, lakini mimi kwa uzoefu wangu nikaona hapana, kitu cha kweli hakijitangazi chenyewe. Hata vijana wa kwaya hawakunielewa mwanzoni..."

Padre anatikisa kichwa kukubali. Watu wanatikisa vichwa. Eufrasia amegeuka anamtazama Shangazi, macho yamemtoka.

"...ikabidi niwaeleweshe, maana kuchagua ni kazi ya..."

Shangazi akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akaweka mikono yote miwili, akaanza wimbo wa kutoka kanisani. Kwaya nzima ikasimama.