Mlango wa Bravin

Mzee Ogari hakuwa na ugomvi na mwanawe Bravin, lakini hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba yake. Baba wa Kigusii haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Hizo ndizo chinsoni, haya ya kuheshimiana kati ya mzazi na mwana, na Ogari alizishika kama alivyoishika Sabato. Siku ya kufungua nyumba hiyo mchungaji aliomba sebuleni, naye Ogari akaitikia amina akiwa nje kwenye migomba. Mjukuu alipougua surua, Ogari aliletewa mtoto mlangoni ambembeleze. Vijana wa Magwagwa walimcheka wakisema mila hizo zimeota kutu. Yeye aliwajibu kwamba hata jembe lenye kutu bado linalima, wamwache.

Kwa hiyo Bravin alipopatwa na wazimu wa kukereza mbao, baba na mwana walikutania dirishani. Bravin alikuwa karani kwenye kituo cha majani chai, na akitoka kazini alijifungia chumba cha nyuma, alichokigeuza karakana baada ya wezi kumbebea randa na misumeno kutoka banda la nje. Humo alikuwa na mashine ya kukerezea aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu na mota ya mashine kuukuu ya kufulia nguo. Hakuuza kitu. Alikereza vibakuli, michi na miguu ya viti kwa raha yake tu, na watu wakamwona hana la kufanya.

Ogari ndiye aliyemwelewa. Kila alasiri aliweka kigoda chake nje ya dirisha, akatazama gogo likizunguka na patasi ikilimenya kama kiazi. Alijua sasa kwamba mgongo wa patasi huguswa kwenye mti kwanza, makali yakafuata. Alijua pia kwamba mti mbichi hupasuka ukiharakishwa. Kibakuli kikiisha, Bravin alikipitisha katikati ya vyuma vya dirisha, naye Ogari akakipaka mafuta kwa kitambaa, polepole, hadi mistari ya mti itokeze. Ilikuwa kazi yake, na aliipenda kuliko alivyokiri.

Siku moja kwenye mashine kulikuwa na bakuli la mparachichi ulioangushwa na upepo. Lilikuwa kubwa, la kupakulia ugali wa wimbi wa nyumba nzima, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Tata, hili halipiti dirishani," Bravin alisema akicheka. "Leo nitalipaka mwenyewe."

"Basi zima mashine kwanza."

"Likizunguka ndipo linang'aa, Tata. Wewe tazama tu."

Akakizungusha kitambaa vidoleni ili mafuta yasimchafue. Kile chuma cha kuegemezea patasi hakukiondoa. Kilibaki pale pale, karibu kabisa na bakuli. Ogari alikiona. Alifungua mdomo aseme, kisha akaona asimharibie kijana furaha yake.

Ncha ya kitambaa ilinaswa na kichwa cha skrubu iliyoshikilia bakuli kwenye mashine. Ogari aliona kitambaa kikienda, na mkono ukikifuata. Alitazama kwa macho yake mawili na bado hakuamini. Mkono wa mwanawe, ule alioufundisha kushika jembe, uliingia kati ya bakuli na chuma, na kitu kikalia kama ukuni mkavu ukivunjika. Bravin hakupiga kelele mara moja. Alimtazama baba yake kwa mshangao, kana kwamba wote wawili wameona jambo la mtu mwingine. Ndipo alipolia.

Ogari alizishika nondo za dirisha akazitikisa kama mwendawazimu. Kisha akazunguka nyumba mbio, mbio ambazo hakujua bado anazo, akafika mlango wa mbele. Ulikuwa wazi. Akaona sebule, na ng'ambo ya sebule karakana, mlango wake ukiwa wazi, na uso wa Bravin umegeukia kwake. Mota ilinguruma, mkanda ukiteleza na kutoa harufu ya mpira ulioungua, huku mashine ikimvuta.

Miguu ikamfia kizingitini.

"Nyanchama!" alimwita mke wa Bravin, aliyekuwa bondeni akichuma chai. "Nyanchama, kimbia! Njoo uingie!"

"Tata!" Bravin alilia. "Tata, swichi!"

Ogari aliita tena, kwa sauti iliyompasua kifua, akimwita aliye mbali ilhali yeye yuko hapo. Mwili wake ulikataa. Ulikataa tu, kama ng'ombe anayekataa daraja.

Mara stima ikapotea.

Mota ilinyamaza. Ile stima aliyoilaani miaka yote kwa kukatika bila kuaga ilikuwa imemwachia mwanawe. Ogari alishusha pumzi, akataka hata kumshukuru Mungu, na hapo akamsikia Bravin akisema kwa sauti nyembamba, "Tata, sijatoka. Swichi haijazimwa. Ikirudi itanimaliza."

Swichi ilikuwa ukutani, ng'ambo ya mashine, ambako mkono mzima wa Bravin haukuweza kufika. Stima ya Magwagwa huweza kukaa siku nzima, au kurudi kabla hujapata kiberiti. Ogari aliyajua hayo. Hata hivyo alisimama. Aliviangalia viatu vyake vyenye tope. Aliangalia ukuta wa sebule asiyowahi kuijua, akaona wametundika picha yake mwenyewe.

Akaingia.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka sebule. Alikumbuka tu kiganja chake kikiipiga swichi, na kabla hajakiondoa, taa iliyokuwa juu yao ikawaka. Stima imerudi. Mashine ilikaa kimya. Ogari aliitazama ile taa. Kisha akachomoa kisu cha kupogolea, akakikata kitambaa, akautoa mkono. Vidole viwili vilining'inia kama si vya mtu.

Nyanchama aliingia akihema, na majani ya chai yangali kwenye nywele. Alishtushwa na damu, akashtushwa tena na baba mkwe aliyesimama katikati ya nyumba yake. Alirarua leso, akaufunga mkono, akatoka mbio kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali.

Wakabaki baba na mwana, sakafuni, katikati ya maganda ya mbao. Ogari alikuwa amemkumbatia Bravin kwa nyuma, jambo ambalo hakulifanya tangu kijana apashwe tohara.

"Pole, mwanangu. Yamekwisha," alisema. "Nimeingia. Unaona? Nimeingia."

Bravin alikuwa akiutazama mlango. Hakugeuza kichwa.

"Tata, nilikuita. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilikuwa nakuona mlangoni."

Ogari angeweza kusema uzee, angeweza kusema hofu, na mwanawe angekubali, kwa maana alikuwa mtoto mwenye heshima. Nje, bodaboda ilikuwa ikipanda kilima.

"Nilisimama," alisema.

"Ulisimama," Bravin alisema, akaanza kujinyanyua bila kumwegemea.