Ghala la Makapi

Siku mto Nyando ulipovunja tuta, Dorca alikuwa uani akimkamua mbuzi. Aliyaona maji yakija kupitia shamba la mpunga la jirani, hayana haraka, rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma mabua mbele yake na kiatu kimoja cha plastiki. Hakupiga kelele. Alimaliza kukamua, akampa mumewe Obiero kopo la maziwa, akasema, "Shika. Leo tunahama."

Kila masika yakizidi, watu wa upande ule wa Ahero huhamia shule ya msingi iliyo juu kidogo, kando ya barabara kuu. Obiero alifunga godoro na sufuria; binti yao Caren alikuwa ameshaolewa mbali. Dorca alianza na kuku. Aliwatia kwenye matenga, wale wenye vifaranga peke yao, kisha akawafungua mbuzi na kondoo. Bata walikuwa tayari wanaogelea uani kwa raha zao na hawakutaka kuokolewa na mtu. Ilibidi awakimbize ndani ya maji mpaka kiunoni, huku akiwatukana kwa Dholuo safi.

Kwenye lango la shule alikuwa amesimama Opondo, mzee wa kijiji, na fimbo yake.

"Mama Caren, karibu. Lakini watu peke yao," alisema. "Wanyama hapana."

"Niwaache wapi, Mzee?"

"Sijui. Humu kuna watoto wengi na choo ni kile kimoja. Kuku wakiingia tutaugua sote."

Dorca aliona kwamba hasemi uongo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kando ya barabara lori la mabroka, madalali wa mifugo, lilikuwa limeegeshwa. Majirani walikuwa wakikabidhi kondoo wao kwa bei yoyote waliyotajiwa, kisha wanageuka upande mwingine ili wasiwaone wakipakiwa.

"Na sisi tuuze," Obiero alisema kwa sauti ya chini. "Maji yakiisha tutaanza upya."

"Mafuriko yaliyopita tuliuza tukasema hivyohivyo. Tulianza upya na nini, Baba Caren?"

Obiero alikaza kamba ya godoro.

"Tulianza na jogoo wa kuomba," Dorca alisema. "Safari hii sianzi upya. Naendelea."

Mkabala na shule kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake ghala kuukuu la makapi lililojengwa juu ya msingi mrefu. Mwenye mashine alikuwa Wangechi, mwanamke wa Nyeri aliyekuja Kisumu kuuza nguo sokoni Kibuye, akaishia kununua mashine hii na kukaa. Watu walimwita Mama Shiro. Walimheshimu kwa usafi wake na walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Kuku aliyethubutu kukaribia mlango wake alirudi kwao mbio, na jiwe nyuma yake.

"Mama Shiro, habari ya asubuhi," Dorca alisema.

"Hapana."

"Sijasema kitu bado."

"Macho yako yameshasema. Na huyo kondoo anakula ufagio wangu."

Dorca alimpokonya kondoo ufagio. Alitaka kubembeleza, lakini maneno matamu yalimkataa, akasema tu lililokuwa moyoni. "Hawa ndio shamba langu lililobaki. Lingine limezama. Nipe lile ghala. Nitalisafisha, nitalala humo pamoja nao."

Wangechi alimtazama, nguo zimemganda mwilini, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Akatazama mvua.

"Ghala peke yake," alisema hatimaye. "Nikiona unyoya hata mmoja kwenye mchele wa watu, mnatoka wote."

Watu wa mbali hudhani uwanda huu wa Kano haujui baridi. Wangefika masika yale. Jua lilipotea kabisa. Upepo ulishuka kutoka milima ya Nandi, ukapita juu ya maji yaliyofunika mashamba, ukaingia ghalani ukiwa na meno. Kuku walikaa wamejivimbisha, vichwa ndani ya mabega, wakikohoa kama wazee. Asubuhi moja Dorca aliwakuta vifaranga kadhaa wamekauka pembeni, mbali na mama yao. Aliwakusanya kwenye kanga yake akaketi nao mlangoni, mwanamke mzima, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Kisha akainuka, akashika sepetu. Makapi makavu yalikuwa yamerundikwa upande mmoja wa ghala mpaka darini, na hakuna aliyeyatumia kwa chochote. Aliyatandaza sakafuni kote, nene, mpaka miguu ya kuku ikazama. Kando ya mashine, mahali makapi huchomwa, kulikuwa na majivu tele. Akaomba makaa jikoni kwa Wangechi, akayazika ndani ya majivu hayo kwenye vyungu vikuukuu, akavifunika na kuvisambaza ghalani. Makaa yaliyozikwa hivyo hayatoi moshi na hayafi upesi. Vifaranga waliobaki walivizunguka vile vyungu, wakafumba macho mmoja baada ya mwingine. Dorca aliweka kiganja chake juu ya chungu, naye pia akafumba macho.

Habari zilivuka barabara. Alianza Mzee Oyugi, aliyeishi peke yake na kondoo mmoja mwenye mtoto. Alikuwa amekataa kumuuza, akamfunga nyuma ya choo cha shule. "Min Caren, mwanangu," alisema, akimwita Mama Caren kwa Dholuo, "nipe kona tu." Dorca akampa kona. Baada yake wakaja wengine, huyu na kuku chini ya koti, yule na mbuzi mwenye mimba. Obiero, ambaye alikuwa bado analala shuleni, alihamisha godoro lake akaja ghalani. Dorca alisogea kumpa nafasi.

Siku ile mwanakondoo wa Oyugi alipoanza kutetemeka na kukataa kunyonya, Wangechi alikuwa akipita na mwavuli. Alisimama mlangoni.

"Hivyo atakufa," alisema. "Kwetu Nyeri, mwezi wa saba, mama yangu alikuwa anawavalisha."

"Anawavalisha nini?"

Wangechi alirudi na magunia na mkasi. Alikata matundu ya miguu, akamfunga mwanakondoo tumboni kwa kamba, tena kwa ustadi wa mtu aliyeyafanya hayo utotoni. Gunia hilo la mchele lilikuwa limeandikwa PISHORI SAFI kwa herufi nyekundu, na maandishi yakamkaa mwanakondoo ubavuni sawasawa. Oyugi alicheka mpaka akashika ukuta. Kabla ya jioni mbuzi na kondoo wote walikuwa wamevaa pishori, na mwanakondoo ananyonya.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Ilikuwa alasiri, mashine inanguruma, Wangechi yuko kwenye mizani. Mbingu ilitoa sauti kama ya lori la kokoto linalomwagwa, na upepo ukaingia chini ya paa la ghala, ukang'oa mabati ya upande mzima, ukayatupa barabarani. Barafu na maji vikamwagika ndani. Vyungu vilizimika kwa mlio. Makapi yakawa uji. Dorca alijilaza juu ya tenga la vifaranga, mgongo ukipigwa, akipiga kelele ambazo alidhani hakuna aliyezisikia.

Aliyezisikia alikuwa Wangechi. Alitoka nje bila mwavuli, akaona, akageuka akakimbia hadi kwenye chumba cha mashine. Akaisukuma ile milango mikubwa ya chuma, mmoja kushoto na mwingine kulia.

"Waleteni huku!" alipaza sauti. "Ndani! Ndani kwenye joto!"

"Mama Shiro, kuna mchele wa watu!"

"Mchele nitaufunika! Leta kuku!"

Watu wa kambini pale shuleni waliona kutoka madirishani. Mwanamke mmoja alijifunika sufuria kichwani akavuka barabara mbio. Wakamfuata wengine, na mabeseni, na madeski ya shule yamebebwa juu kama paa, mawe yakigonga bati na mbao. Walibeba mbuzi mabegani. Walipitishana matenga kutoka mkono hadi mkono. Opondo mwenyewe, fimbo ameitupa, alitoka ghalani akiwa amekumbatia bata wawili waliokuwa wakimdonoa masikio. Ndani, injini ilikuwa ya moto kama tanuri na pumba zilizotoka kwenye mashine muda ule zilikuwa bado na joto. Waliwazika vifaranga ndani ya pumba mpaka shingoni.

Dorca alikuwa wa mwisho kuingia. Alipiga magoti, akaanza kuwagusa mmoja mmoja. Watu walisogea, wakainama kutazama.

"Wote," alisema, akahesabu tena. "Wako wote!"

Kelele zilizopigwa mle ndani zilishinda mashine. Wangechi alikuwa amesimama katikati, nywele zimelowa, manyoya kwenye sweta, kinyesi cha kuku kwenye kiatu. Dorca alimkumbatia, na wakayumba wote wawili kama walevi.

Mabati yalirudishwa kesho yake na wanaume wa kambi, Opondo juu ya ngazi. Tangu hapo ghala likawa la kila mtu. Kuku walianza kutaga, na watoto wa shuleni wakala mayai. Mbuzi yule mwenye mimba alizaa pacha. Na maji yalipoanza kupungua, Dorca alizipitia familia ambazo mabanda yao yalikuwa yamesombwa, akampa kila mama kuku anayetaga. Mmoja aliuliza atalipa vipi.

"Akiangua, mpe jirani kifaranga," Dorca alisema, akaendelea kugawa.

Siku ya kurudi nyumbani jua liliwaka kama lililokuwa likidaiwa. Askari wa barabara alisimamisha magari pande zote mbili. Mbele alitembea Obiero, kifua wazi, akiimba kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu arusi yao. Nyuma yake wakaja mbuzi na kondoo, kisha wanawake na matenga vichwani, wakiitikia wimbo. Wangechi alikuwa kati yao na gambuti zake za mvua, amekubali mwaliko wa chakula upande wa pili wa barabara kwa mara ya kwanza. Madereva wa malori ya Kisii walipiga honi, mwanzo kwa hasira, kisha kwa kufuata mdundo.

Dorca alikuwa katikati ya lami, na kuku mwenye vifaranga mbele yake. Alipungia malori mkono kama mheshimiwa, akavuka polepole, bila kumharakisha hata kifaranga mmoja.