Siku Saba za Pasi

Dada yangu Kinuyo alifika tarehe nne Novemba akiwa na sanduku moja, mfuko wa pilipili manga kutoka shambani kwake Brazili, na daftari la mistari. Pilipili niliipeleka jikoni. Sanduku nililiweka chumba cha nyuma, alikokuwa akilala Mama. Daftari hakuliachia.

Jioni ileile, hata chai hajaimaliza, alilifungua mezani akavaa miwani.

"Fusae, treni ya kutoka hapa mpaka Kyoto, kwenda na kurudi, ni kiasi gani?"

"Haifiki elfu arobaini."

"Na mpaka Hakodate?"

"Hakodate sijawahi kufika, dada. Wala sijawahi kusikia mtu wa hapa akiiulizia nauli."

Akaandika kitu, akakifuta.

Kuna pasi ya treni wanayouziwa wageni wa kutoka nje. Ni yeni elfu hamsini kwa siku saba mfululizo, na unapanda treni za kasi kutoka kaskazini mpaka kusini, isipokuwa zile za haraka kabisa. Sisi wenyeji hatuuziwi. Dada yangu anauziwa, kwa sababu alichukua uraia wa Brazili alipozaa mtoto wa pili, na pasipoti yake imegongwa muhuri wa mgeni wa muda. Alizaliwa katika nyumba hii hii, na mkunga alikuwa nyanya wa jirani yangu.

"Ukienda Kyoto tu, umepata hasara," alinieleza, akipigapiga daftari kwa kalamu. "Ukifika Sendai, mmetoka sare. Ukifika Hakodate ndipo unaanza kuila."

"Kuila nini?"

"Pasi. Lakini lazima utembee kila siku. Ukikaa kitako, imekula kwako."

Ana miaka sabini na sita. Aliondoka ana miaka ishirini, bi harusi wa mtu aliyemwona kwenye picha, na katika nchi hii hakuwahi kuona kitu zaidi ya mji wetu na bandari ya Kobe alikopandia meli. Kwa hiyo sikumcheka. Nilimwuliza tu angependa kuanza siku gani.

"Tarehe kumi na nne. Nazunguka siku saba, ya ishirini naishia Tokyo, napanda ndege. Hakuna siku inayopotea."

Niliinuka nikamwongezea chai, maana sikutaka aone uso wangu. Tarehe kumi na sita ilikuwa siku ya kisomo cha Mama, cha mwaka wa thelathini na tatu. Cha kwanza hakuwepo. Cha saba, cha kumi na tatu na vilivyofuata hakuwepo pia. Na hiki cha thelathini na tatu, kwa watu wa huku, wanaohesabu hata mwaka wa kifo wenyewe, ndicho cha mwisho. Baada yake Mama hasomewi tena peke yake. Anaingia katika kundi la wazee wote wa ukoo. Nilikuwa nimemwandikia tarehe hiyo katika barua mbili.

Mama nilimwuguza mimi. Nilimwosha mimi, nikamzika mimi, na visomo vyote nimevisimamia mimi, vya karibuni nikiwa mjane. Sikudai shukrani kwa mtu. Nilitaka kitu kimoja tu, mara hii moja niketi mbele ya kabati la ibada na mtoto mwingine wa Mama akiwa pembeni yangu.

"Na kisomo?" niliuliza.

"Nimesikia huwa kinasogezwa," akasema bila kuinua macho.

Ni kweli, husogezwa. Kisomo unaweza kukiwahisha kabla ya tarehe aliyokufa mtu. Kukichelewesha ndiko kusikofanyika, watu watasema umemweka marehemu foleni. Asubuhi yake nikaenda hekaluni. Kasisi wetu ni kijana, alirithi kwa baba yake, na ananiheshimu kwa sababu nafagia uani kwake kila mwezi.

"Kukiwahisha hakuna neno, Mama Fusae," aliniambia. "Mama yenu keshafika alikokwenda, hatumsukumi. Kisomo ni kwa ajili ya masikio yetu sisi tulioketi."

Tukapanga tarehe kumi na tatu. Nikarudi nyumbani nikapiga simu nyumba tisa. Wengi wetu ni wastaafu, siku zote kwetu ni Jumapili, lakini mzee ukimbadilishia siku ni kama umemhamisha nyumba. Kwenye duka la vyakula, nilikoagiza chakula cha kisomo, niliomba radhi mara tatu. Binamu yetu Tokuji, ambaye ulimi wake haujapata kustaafu, aliniuliza, "Fusae, wewe na hicho kisomo mnakimbizana na nani?"

"Na treni," nikamjibu.

Nilimpa dada habari tukila. Nilikuwa nimechoma samaki mkavu, na yeye alikuwa akimnyunyizia pilipili yake kama mtu anayepanda mbegu.

"Nimeomba ruhusa. Ni tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi na nne unaanza safari zako, hukosi kitu."

Alitafuna muda mrefu.

"Ila nilikuwa nafikiria," akasema. "Majani mekundu ya kaskazini yanapukutika. Kila siku inayopita ni hasara. Labda nianze tarehe kumi na mbili."

Nikaweka vijiti chini.

"Ukianza kumi na mbili, pasi inakwisha kumi na nane. Ndege yako ni ishirini. Hizo siku mbili za mwisho utapanda nini?"

"Nitalipa tiketi."

"Ulipe elfu hamsini, halafu uongeze tiketi juu yake."

"Majani, Fusae."

Mimi si mtu wa hesabu, niliishia shule ya lazima nikaenda kiwandani kushona mashati. Lakini nimeishi na watu miaka mingi, na hesabu ikiacha kujumlika najua haikuwa hesabu. Kisomo kilikuwa kimewahishwa siku tatu, na pasi nayo ikawahishwa. Ningekipeleka tarehe kumi, pasi ingeanza tarehe tisa. Usiku huo nilitamka jina la Amida, tunayemwomba sisi, mbele ya kabati nikiwa nimekaa upande, kwa sababu magoti yalikataa, na nikamwomba radhi mume wangu kwa kumsomea nikisinzia.

Pasi haiuzwi stesheni yetu ndogo. Tarehe kumi na moja tulipanda treni mpaka stesheni kubwa ya treni za kasi, karibu saa mbili za njia. Dada alikaa dirishani. Mabonde yalipita na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Nyumba nyingine zilikuwa zimefungwa, paa zimeinama. Alitaja majina ya waliokuwa wakiishi humo, mimi nikawa najibu, amekufa, amehamia Osaka, amekufa. Baadaye akaacha kutaja. Nilimwona amefumba macho, nami nikafumba yangu. Kila mmoja alijua mwenzake halali.

Kwenye dirisha la tiketi palikuwa na binti aliyebandikwa jina lake kifuani, Hamasaki. Alipoona pasipoti ya Brazili alianza kusema Kiingereza, polepole, akionyesha kwa vidole.

"Mwanangu, usijichoshe," dada akamwambia kwa lahaja yetu, tena ile ya zamani ambayo hata mimi sijaisikia tangu bibi yetu afariki. "Nataka hiyo pasi ya siku saba."

Binti alinitazama mimi, akamtazama yeye, akashika mdomo.

"Samahani, bibi. Unaongea kama bibi yangu mzaa baba. Nilidhani nimesoma vibaya pasipoti."

"Hukusoma vibaya. Mimi ni mgeni, karatasi zinasema."

Akacheka, akaukagua muhuri, akajaza fomu. Kisha akainua kalamu. "Nikuandikie ianze tarehe gani? Ikishaandikwa haibadilishwi tena."

Dada akalitazama daftari. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili. Nyuma yetu kulikuwa na vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi makubwa, na mmoja akaanza kuangalia saa.

"Bibi?"

"Wahudumie hawa kwanza," dada akasema. "Nakuja."

Tukaenda kukaa kwenye benchi. Nikanunua chai mbili za chupa, za moto, nikampa moja ashike, maana vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia tangu siku mbili nyuma. Yote yalikuwa ya haki. Yakanitoka haya tu:

"Dada, nimechoka. Nimepiga simu nyumba tisa. Sipigi tena. Kisomo ni tarehe kumi na tatu, uwepo usiwepo."

Treni ya kasi ikapita bila kusimama, benchi likatetemeka.

"Mwaka ule," akasema, "nauli nilikuwa nayo."

"Najua."

Akageuka akanitazama. "Unajua nini?"

"Uliandika kwenye barua kwamba mmenunua mashine ya kukaushia pilipili. Barua ilifika wiki ya tatu baada ya mazishi. Nilijua mashine hainunuliwi kwa mdomo mtupu."

"Mvua zilikuwa zimeozesha mavuno mara mbili. Mume wangu alisema tukikosa na mwaka huu tunauza shamba. Nikasema Mama atanielewa. Nikasema nitakuja mwakani nimkute." Alikuwa akiibandua karatasi ya chupa kwa ukucha, vipande vidogo vidogo. "Miaka yote hiyo hukusema."

"Ningesema nini?"

"Ungenitukana."

"Nilikutukana sana. Nilikuwa naosha vyombo na kukutukana. Mume wangu akiniuliza naongea na nani, namwambia naongea na sufuria." Nikanywa chai yangu. "Halafu nikachoka. Hasira nayo inataka kulishwa, dada, na mimi nilikuwa na kazi."

Hakulia. Sisi si watu wa kulia stesheni. Alisema tu, "Tokuji atanitazama. Wote watanitazama. Na picha ya Mama itakuwa pale juu."

"Tokuji hana hata jicho la kukutazamia, ana mtoto wa jicho kushoto na kulia. Picha ni picha."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa natazama kitabu. Bila kitabu nakosea mstari wa tatu mpaka leo."

Kisha akainuka, akishika mgongo, akarudi kwenye dirisha bila kuniambia nimfuate. Nilimsikia nikiwa palepale kwenye benchi. Alisema tarehe kumi na nne. Binti alirudia, kumi na nne, na dada akasema ndiyo, mwanangu, andika.

Kisomo kilisomwa. Walikuja watu kumi na mmoja. Dada hakuweza kukunja magoti, nikampa kigoda kifupi, naye akakiweka karibu na mlango. Tokuji akamwita mbele ya watu wote: "Wee Kinuyo, huko mlangoni unangoja basi?" Watu wakacheka. Akakivuta kigoda mpaka kando yangu. Sinia la uvumba lilipomfikia, alichota wa kuchoma akamwaga nusu kwenye mkeka, nikaufuta kwa kiganja. Kasisi alisoma bila haraka. Nilimsikia dada pembeni akifuata maneno, yuko nyuma kidogo, akikumbuka sehemu na kuguna sehemu. Nilikosea mstari wa tatu. Baadaye watu walikula, wakamwuliza habari za pilipili, wakamwambia amenenepa, wakaenda zao. Yeye na mimi tuliosha masinia, na saa mbili usiku tulikuwa tumelala.

Treni ya tarehe kumi na nne ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Niliamka mapema, nikafinyanga matonge manne ya wali, nikatia plamu za chumvi ndani, nikafunga kwa mwani. Sanduku lake lilikuwa mlangoni. Pasi ilikuwa juu ya sanduku, ndani ya daftari, imechomoza kidogo.

Nilimkuta chumba cha mbele, penye kabati la ibada, amekaa kwenye kigoda chake, amevaa koti tayari. Alikuwa ameshawasha mshumaa, jambo ambalo humu ndani ni langu.

"Teksi niiite?" niliuliza. "Ukichelewa hii, nyingine ni saa sita mchana. Sendai hutafika leo."

"Ngoja kwanza."

Nikangoja. Alikuwa akiitazama picha ya Mama, siyo kwa pembe ya jicho kama siku zile zote.

"Fusae, alikufaje?"

"Si nilikuandikia."

"Uliandika alikwenda kwa amani. Kila mtu huandika hivyo. Nataka kujua siku yenyewe ilikuwaje. Aliamka saa ngapi. Alitaka nini."

Katika miaka thelathini na miwili hakuna aliyewahi kuniuliza. Mume wangu alikuwepo, hakuwa na haja ya kuuliza, na watoto walikuwa wadogo. Nilitazama saa ya ukutani. Nilifikiria elfu hamsini, siku ya kwanza kati ya saba, na Hakodate aliyoipigia mistari miwili kwenye daftari.

"Ni hadithi ndefu," nikamwambia. "Treni itakuacha."

"Basi iniache."

Nikaenda kuzima birika jikoni. Nikaleta ule wali, nikauweka kati yetu, nikavuta mto na kukaa upande wa goti lenye nafuu. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Nikaanza na uji, kwa sababu asubuhi ile Mama aliukataa uji wangu, akasema una chumvi, na nilikuwa sijatia chumvi hata kidogo.