Kagoli Kamoja Tu

Mjomba wangu alianza kubeti akiwa na miaka arobaini na nane, umri ambao wenzake wanaanza kulalamikia magoti. Wiki sita zilimtosha kufanya makosa yote ya mgeni wa kubeti, na mengine akayabuni mwenyewe.

Niliyaona kwa macho yangu, maana tulikuwa tunaziba pancha pamoja kwenye kibanda chake kando ya barabara. Timu alizichagua kwa utamu wa majina. "Hebu nisomee hawa wanaitwaje. Eeh! Hilo ni jina la watu wanaoshinda." Anapanga mechi kumi na nne kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, kumi na tatu zinatoka, ya kumi na nne inauchana mkeka wote, naye anatamba mtaa mzima: "Ilibaki moja tu!" Kama mtu aliyezama hatua moja kabla ya ukingo, halafu msibani watu wampigie makofi kwa kukaribia. Akiliwa elfu moja, anaweka mbili kuifuata ile moja. Zikiliwa mbili, anatuma nne ziende kuwatafuta wenzao.

Akafikia hatua ya kununua matokeo ya "uhakika" kwa kijana fulani wa mtandaoni.

"Mjomba," nikamuuliza, "kama huyo kijana anajua nani atashinda, kwa nini akuuzie wewe kwa bei ya soda?"

"Ana roho nzuri," akasema.

Nilicheka sana wiki hizo. Mtu akiungua kwa pesa yake mwenyewe, moto wake unachekesha.

Lakini mimi pancha zilikuwa za mchana tu. Jioni nilikuwa kipa wa timu ya daraja la pili, wenzangu wananiita Gundi, na nilikuwa nimecheza mechi tano bila kufungwa. Ijumaa kocha aliniita pembeni. "Kesho anakuja mtu kutoka timu ya ligi kuu," akaniambia. "Anakuja kukutazama wewe, si mwingine. Ukitoka bila kufungwa, Jumatatu unasaini." Usiku huo nililala na glavu mkononi kama mtoto na mwanasesere.

Jumamosi asubuhi nikapita kibandani kusaidia kidogo kabla ya mechi. Mjomba alikuwa amechutama mbele ya beseni la maji, anazamisha tyubu kutafuta panapotoa mapovu.

"Gundi, leo mnashinda?"

"Tunashinda."

"Najua. Nimeweka."

Nikaacha kupampu. Ligi yetu hata wake za wachezaji hawaitazami, lakini kumbe kwenye simu ya Mjomba ilikuwemo, imepangwa na bei zake kama nyanya.

"Umeweka tushinde?"

"Mshinde, na timu zote zifunge."

"Zote zifunge maana yake nini?"

"Maana yake mnashinda, ila na nyinyi mnafungwa kamoja. Kagoli kamoja tu." Akanionyesha kidole kimoja kilichojaa gundi ya viraka. "Ukisema mshinde peke yake, faida yake ni chenji ya peremende. Ukiongeza na wao wafunge, pesa inazaa mara sita."

"Na hao watamfunga nani, Mjomba?"

Akafikiri kweli, kama vile swali lilikuwa gumu. "Si... kipa."

"Kipa gani?"

"Wewe usinihoji kipolisi! Nimeweka pesa yangu mpwa wangu ashinde, halafu natazamwa kama mchawi?"

"Umeweka ngapi?"

Akarudi kwenye beseni. Mapovu yakatoka, hakuyaona. "Ile ya mashine," akasema.

Mashine yetu ya upepo ilikuwa inakohoa kama mzee wa sigara. Kwa miezi mitano tulikuwa tunaweka akiba ya kununua nyingine, na nusu ya akiba hiyo ilikuwa jasho langu.

"Yote?"

"Wataalamu wanasema weka pale unapopajua. Sasa mimi nani nimjue zaidi ya wewe? Unakula kwa dada yangu. Hilo goti lako nimelikanda kwa mikono hii!"

"Mjomba, nisikilize. Leo sifungwi. Hata Bibi mwenyewe aje apige penalti, sifungwi."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema, anacheka. "Wewe cheza mpira wako. Ila ajali ikitaka kutokea, iache itokee mara moja."

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa kocha. Mchezaji akijua ndugu yake ameweka pesa kwenye mechi yake, anatakiwa aseme. Mwanzo wa msimu tulisaini karatasi ya kuahidi hivyo. Lakini ningesema, ningeondolewa kikosini, na yule mgeni hakupanda gari kuja kutazama benchi. Nikabana mdomo, nikaenda uwanjani na hasira yangu kama mtu anayesafiri na nyoka kwenye begi.

Mpaka dakika ya sitini na tisa tulikuwa tunaongoza mbili bila. Nilikuwa nimetoa mipira miwili ya hatari, mmoja kwa ncha za vidole, na mgeni wa ligi kuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilimwona. Hapo ndipo nikasikia sauti nyuma ya nyavu.

"Gundi! Dakika ya sabini inaingia!"

Mjomba. Na ovaroli lake la grisi, simu mkononi, ameegemea nguzo ya bango hatua tatu kutoka golini kwangu.

"Toka hapo, Mjomba!"

"Nakukumbusha muda tu!"

Dakika ya sabini na tano akanikumbusha. Ya themanini akanikumbusha. Kila akitaja dakika, sauti yake inapanda na shingo yangu inakaza. Watazamaji wa upande ule wakaanza kunong'onezana, wengine wakacheka. Dakika ya themanini na sita refa akatoa mpira wa adhabu, mbali kidogo na boksi letu. Nikapanga ukuta, nikasogeza beki mmoja kushoto, nikarudi katikati ya goli.

"Mpwa wangu!" akapiga kelele, sauti inatetemeka kama anaaga. "Kumbuka mashine!"

Nikageuka.

Kipa hageuki. Hata goli likiwaka moto kipa hageuki. Mimi niligeuka, nikamnyooshea kidole, nikaanza kusema, "Nikitoka hapa, wallahi nita..."

Nikasikia teke, halafu nyavu.

Haukuwa hata mpira wa maana. Ulikuwa wa kudakwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha chai. Ulipita pale pale nilipotakiwa kuwa nimesimama, ukajilaza wavuni taratibu, kama paka anayepajua kwake.

Uwanja ukanyamaza, maana mashabiki karibu wote walikuwa wetu. Akabaki mtu mmoja tu anashangilia. Alikuwa ameukumbatia wavu kwa nyuma, machozi yanamtoka. "Nilisema! Nilisema mimi! Kamoja tu!"

Mgeni wa ligi kuu alifunga daftari. Sikumwona tena.

Tulishinda mbili kwa moja na hakuna aliyenipa mkono. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Yule mzee ni nani kwako?"

"Mjomba wangu."

"Alikuwa anakwambia nini?"

Kabla sijafungua mdomo mlango ukafunguka. Mjomba aliingia mwenyewe, kwa hiari yake, simu ameinua juu kama taa. "Kocha, usimfokee kijana! Mimi nimewawekea ushindi. Soma mwenyewe hapa, si wameandika mwenyeji anashinda?"

Kocha akasoma. Kidole chake kikashuka. "Na hapa chini?"

"Hapo chini ni chumvi tu, ya kunogesha."

Kocha alinivua glavu moja moja, taratibu, kama anamvua maiti pete. "Hizi ni mali ya timu," akasema. "Alhamisi utajieleza mbele ya kamati ya ligi. Ikithibitika umeuza mechi, unafungiwa maisha."

Nyumbani Mama alishasikia kabla sijafika. Mjomba ni mdogo wake wa mwisho, alimlea yeye, na akimkasirikia huwa anaanzia utotoni.

"Nilikubeba mgongoni miaka mitatu," akamwambia. "Leo najiuliza nilikuwa nabeba nini."

"Dada, lakini tumeshinda."

"Nani tumeshinda? Wewe na nani? Mtoto wangu ameitwa mwizi uwanja mzima!" Akamsogelea. "Alhamisi unakwenda kwenye hiyo kamati. Unawaambia mtoto alikukatalia. Basi."

Mjomba akakuna kichwa. "Tatizo, dada, nikisema mimi ni ndugu wa kipa, kampuni ya kubeti inaweza kuufuta mkeka. Ngoja kwanza nizitoe pesa."

"Zitoe sasa hivi."

"Sasa hivi... hazipo pale." Akatazama dari. "Nimeziweka tena. Mechi saba za Jumatano. Zikitoka hizo saba, dada, ukoo huu hauzibi pancha tena!"

Mama alikaa chini. Mimi nilitoka nje nikapiga teke ukuta wa nyumba, na kidole gumba kikanifundisha kwamba ukuta haukubeti.

Siku nne zile mtaani nilikuwa mtu mwingine. Watoto wakiniona wanaweka mawe mawili ya goli, wanajifanya wanageuka nyuma, halafu wanaanguka kwa kicheko. Muuza vocha aliniuliza Jumamosi ijayo tunafungwa ngapi, ili na yeye aweke. Na Mjomba, kila tulipoonana kazini, ananiambia nitulie, kila kitu kina wakati wake.

Jumatano jioni sikumuuliza matokeo. Nilimwona anasugua tyubu kwa msasa mpaka ikatoboka upya, nikajua. Baadaye muuza vocha alinisimulia: timu ya kwanza tu ilimchana kabla ya mapumziko, akakaa mpaka mwisho kutazama zile sita nyingine, zote zikatoka.

Alhamisi alikuja kwenye kamati amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe. Kumbe ukweli ulikuwa unamsubiri afilisike.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza, na mwenyekiti wao mwalimu mstaafu mwenye miwani. Mbele yao waliweka glavu zangu kama kielelezo cha mauaji.

"Waheshimiwa," Mjomba akaanza, na mkono kifuani, "kijana huyu ni malaika. Mkeka ni wangu, tamaa ni yangu. Yeye hakujua chochote. Sikumwambia hata neno moja."

Nikamtazama.

"Kipa hakujua kabisa?" mwenyekiti akauliza.

"Hakujua, mzee wangu. Naapa. Alishtuka kama nyinyi mlivyoshtuka." Akatoa leso. Akalia, tena machozi ya kweli.

Kocha alishusha pumzi. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kufunika kalamu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na glavu zilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuzifikia nikiwa nimekaa.

Halafu nikaona kidole gumba chake. Kilikuwa kinasugua paja, juu chini, juu chini, jinsi kinavyosugua simu matokeo yakichelewa. Mtu huyu alikuwa anabeti tena, na safari hii dau lilikuwa jina langu. Tena dau bovu, kama kawaida yake! Nusu ya uwanja ilimsikia akinipigia kelele nikumbuke mashine. Mashine gani, kama sikujua chochote? Kesho angetokea shabiki mmoja wa kuuliza hilo, na safari hiyo nisingeitwa kipa aliyeuza mechi tu. Ningeitwa na mwongo juu.

"Nilijua," nikasema.

Leso ya Mjomba ikasimama njiani.

"Aliniambia asubuhi ya mechi. Nikamkatalia. Lakini sikumwambia kocha, kwa sababu nilitaka kucheza nionekane. Hilo ni kosa langu."

"Na goli?" mwenyekiti akauliza.

"Goli sikuliuza, mzee. Nilifungwa kwa hasira. Niligeuka kumtukana."

Mjumbe wa kalamu alikohoa, lakini kikohozi kile kilikuwa na meno nje. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. Walitutoa nje, wakatuita baada ya nusu saa. Mechi kumi nisicheze. Mjomba asikanyage uwanjani misimu miwili. Kuhusu timu ya ligi kuu hakuna aliyesema kitu, na hapakuwa na cha kusema.

Mjomba alinidaka mlangoni, ana hasira kuliko mimi. "Mpumbavu wewe! Nilikuwa nimeshakutoa! Kazi yako ilikuwa kunyamaza tu!"

"Ulipokuwa na pesa ukweli ulikushinda," nikamwambia. "Umefilisika, umekuja na uongo. Mimi nikusifie kwa lipi?"

"Nimelia mbele za watu kwa ajili yako!"

"Na nusu yangu ya mashine?"

Hasira ikamtoka usoni palepale, akanishika bega, akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya dhahabu. "Hiyo usiwe na wasiwasi. Niachie mpaka Jumapili. Kuna mechi moja nimeiona, sasa nimeshaujua huu mchezo, naweka kidogo kidogo..."

Sikumngoja amalize. Nilikwenda moja kwa moja kibandani. Mashine mbovu nilimwachia. Nikachukua jeki kubwa, spana ya magurudumu na boksi la viraka, nikavitia kwenye gunia. Alinikuta nimeshabeba begani, anahema, shati jeupe limelowa.

"Unakwenda wapi na jeki yangu?"

"Nusu yangu."

"Sasa gari likija nitalinyanyua na nini?"

"Na bahati, Mjomba," nikasema, nikavuka barabara.