Neno la Kuisifia Mbuga

Octavian, afisa wa wilaya, alifika kijijini na tai shingoni, katikati ya jua la Chemba. Mwalimu Anitha alipomwona akajikohoza ili asicheke. Mwaka ule wa tisini na sita, kila mwenye tai alikuwa na mwekezaji wake.

"Mgeni wetu mwekezaji ameizunguka mbuga yenu," Octavian aliuambia mkutano, karatasi ya Kiingereza mkononi. "Ameisifia kwa neno moja tu: expansive!"

"Maana yake nini?" aliuliza Mzee Matonya, baba mkwe wa Anitha.

"Aa, mzee, ni neno la wakubwa hilo. Ni upana wenye fahari, uwazi unaopendeza macho."

Makofi hayo! Wazee wazima walivimba vichwa kwa sifa ya mtu wasiyemjua, huku muhtasari wa mkutano wa kumgawia mbuga ukisubiri madole gumba yao. Anitha damu ilimchemka. Mbuga ile ndiyo iliyokuwa akiba yao ya kiangazi. Masika yote ng'ombe walikatazwa kuikanyaga, ili ifikapo Agosti wakute nyasi. Bila hiyo, zizi la Matonya lingekwisha.

Anitha akasimama. "Afisa, neno hilo nalijua. Wenye lugha yao hulitumia kwa bahari, kwa anga, kwa jangwa, mahali pasipo na mwenyewe. Hakuna anayeliita hivyo zizi la mtu. Ua wako kule mjini, ukiwa kazini, nao huwa expansive? Tukuletee mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Octavian hakucheka.

"Haya, mwalimu, ng'ombe wako wapi? Mgeni kazunguka siku mbili, hakuona hata kwato. Anarudi Alhamisi. Akikuta patupu, wilaya itaandika patupu, mtie dole msitie."

"Tunatunza nyasi!"

"Kutunza hakuonekani kwenye picha."

Mpumbavu yule, nyasi alizijua za bustanini tu! Lakini kalamu ilikuwa yake. Usiku wazee walibishana, na Alhamisi alfajiri Mzee Matonya akafungulia ng'ombe waingie mbugani, na kijiji kizima kikafuata. Gari la mgeni lilisimama ukingoni, likageuza bila mtu kushuka. Wanawake walipiga vigelegele, Anitha akiwa wa kwanza. Octavian, aliyekuwa akimsubiri mgeni pale pamoja nao, alifungua tai yake akaitia mfukoni.

Waliojaribu kuwarudisha ng'ombe waliambiwa mgeni anaweza kurudi. Kufikia Juni, nyasi zilikuwa zimekwisha.

Agosti, Anitha alimkuta baba mkwe wake mbugani, ameshika mkia wa ng'ombe aliyeshindwa kuinuka. Mbele yao ilikuwa ardhi nyeupe mpaka macho yanapokoma.

"Mwanangu," mzee alisema, "lile neno la yule bwana, ulisema hutumika kwa mahali gani?"

Anitha aliinama mbele ya ng'ombe. Alishika pembe, mzee akavuta mkia, wakajaribu tena kumwinua.