Kibendera Upande wa Mabati

Tangu Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, ianguke mikononi mwa waasi, watu wengi wa Kamina walianza kuwatazama wafanyabiashara wenye asili ya Maniema kwa jicho la pembeni. Shafii, muuza vitenge, alizaliwa Kamina, na baba yake alizikwa hapohapo. Lakini nyumbani kwao walizungumza Kiswahili cha Kasongo, kule Maniema, na hilo sasa lilitosha kumfanya mgeni.

Kila Jumapili Shafii alikuwa mshika kibendera kwenye mechi za ligi ya mpira ya mji. Refa wa kati alikuwa Mbayo, seremala, na mstari wa pili ulishikwa na Noémie, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamechezesha pamoja miaka mingi, na mara nyingi waliamua jambo kwa kutazamana tu.

Novemba ile ya 1998, timu ya mtaa wa reli ilipangwa kucheza na timu ya askari wa kambi. Uwanja ulikuwa na uzio wa mabati upande mmoja, ambako askari walizoea kuketi, na kanisa la misheni upande wa pili.

"Leo simama upande wa misheni," Mbayo alimwambia Shafii walipokuwa wakivaa. "Upande wa mabati njo basoda batakaa."

"Upande wa mabati njo yangu. Ukinitoa pale, bantu batasema niko na makosa."

Mbayo akampa kibendera.

Kipindi cha kwanza kilipita salama. Cha pili, askari walioketi nyuma ya Shafii walianza kumuuliza ndugu zake waasi wanaendeleaje. Aliendelea kuufuata mpira. Mmoja akamgusa kisigino kwa kitako cha bunduki. Shafii akageuka, na wakati huohuo mpira ukapigwa mbele. Alipotazama tena uwanjani, mshambuliaji wa timu ya reli alikuwa peke yake na kipa. Shafii akainua kibendera kuonyesha kuotea. Kijana akafunga.

Mbayo alikuwa karibu. Alimwona beki wa askari amebaki karibu na goli kuliko mfungaji wakati wa pasi, kwa hiyo mfungaji hakuotea. Akamwendea Shafii.

"Uliona pasi?"

"Hapana. Niligeuka."

Mbayo akawatazama askari. Akikubali kibendera, askari watafurahi na Shafii atarudi nyumbani kwa amani. Nani angejua?

"Goli iko muzuri," Shafii alisema, akakishusha kibendera mwenyewe. "Miye njo nilikosa. Wape."

Mbayo akaonyesha katikati ya uwanja. Askari wote wa upande wa mabati wakasimama, ila hakuna aliyeingia uwanjani. Mchezo ukaisha kwa goli hilo moja.

Luteni mmoja aliwafuata walipokuwa wakinywa maji. "Huyu twende naye," alisema, akimwonyesha Shafii. "Tutamuuliza maneno kidogo."

"Basi tunaenda batatu, chef," Noémie akasema.

"Weye hatukukuita, mama."

"Najua."

Wakatembea hadi kambini wakiwa bado na jezi zao nyeusi, wakaketi kwenye benchi moja. Luteni alimuuliza Shafii anamjua nani Kindu, na bidhaa zake zinatoka wapi. Shafii alijibu yote. Mwishoni akaulizwa kwa nini aliinua kibendera kisha akakishusha.

"Soda wako alinigusa na bunduki. Nikageuka, sikuona pasi."

Luteni akawageukia wengine. "Muliona ile bunduki?"

"Nilikuwa mbali," Noémie alisema.

"Miye pia sikuona," Mbayo akasema.

"Sasa mulikuja kumusaidia na nini?"

"Tulikuja naye tu," alijibu Mbayo.

Luteni akawaambia waende kabla giza halijaingia.

Njiani Shafii alisema angempeleka mkewe Amida na watoto Lubumbashi, treni ikipatikana.

"Na weye?" Noémie akamuuliza.

"Nami naenda. Leo tulikuwa batatu. Kesho bakinikuta dukani, niko peke yangu."

Hawakujaribu kumzuia. Mbayo alimpigia misumari masanduku ya vitenge, na wiki iliyofuata familia ikaondoka.

Viongozi wa ligi walimletea Mbayo mshika kibendera mwingine, Mwenze, mtu mwenye mbio lakini mwoga wa kelele. Noémie aliomba yeye ndiye asimame upande wa mabati. Askari waliendelea kuketi palepale, na baadhi yao walimwita mwalimu.

Vita vilipokwisha, Shafii alirudi na kufungua duka dogo zaidi. Mbayo alipomwomba ashike tena kibendera, alisema goti linamuuma. Alikuja uwanjani kila Jumapili, akaketi upande wa misheni.