Mchanga Uliooshwa Uso

Kila mwenye lori la mchanga Eastlands anajua kuosha uso. Anayekuambia hajui, muulize wakati wa mvua ya Aprili watoto wake hula nini.

Kuosha uso ni hivi. Mvua ikishika kule Machakos mito hufurika, mchanga mzuri wa mtoni haupatikani, na kinachobaki ni ule wa kuchimbwa shimoni, mwekundu, wenye udongo ndani. Fundi anayenunua hupanda juu ya lori, huchota konzi moja, huisugua kiganjani na kutazama. Kiganja kikibaki kichafu, lori linarudi lilikotoka. Basi mwenye lori hulisimamisha uani asubuhi na mapema, huvuta mpira wa maji, na kuusuuza mchanga wa juu kiasi cha shubiri moja mpaka ung'ae. Kiganja cha fundi hakifiki chini ya hapo.

Wanza hakuwa mtu wa mambo hayo. Tuliseme hilo mapema, maana mengi yamesemwa juu yake tangu wakati ule. Marehemu mumewe Mbaluka alimwachia kiwanja kidogo mwisho wa mtaa wa Tena, lori moja la tani saba, na desturi ya chupa. Unatia mchanga nusu chupa, unaongeza maji, unatikisa, unaacha kwa saa nzima. Udongo hutulia juu ya mchanga kama utandu juu ya maziwa, na utandu ukizidi upana wa kidole, mchanga huo si wa kujengea nyumba ya kulala binadamu. Dirishani kwa Wanza chupa zilipangwa kama dukani. Binti yake Tiffany alizionea aibu, akasema watu watadhani mama anauza pombe ya chang'aa.

Mara moja tu Wanza aliosha uso. Ilikuwa Aprili mwaka juzi, na mteja alikuwa Mureithi, mzee wa kanisa, mwenye majumba manne kati ya mitaa ya Tena na Umoja. Nusu ya kazi za Wanza zilitoka kwake: kumletea mchanga na kokoto, kumwondolea udongo wa misingi. Alikuwa akisimamisha orofa ya tatu ya jumba jipya na mafundi walikuwa wamekaa bure siku mbili. "Kesho nikikosa mchanga namwita mwingine," alisema kwenye simu, akakata. Wanza aliitazama chupa. Utandu ulikuwa vidole viwili. Akaenda kuvuta mpira wa maji.

Safari nane kwa siku nne. Alijiambia kwamba saruji itafunika. Saruji haifuniki kitu kama hicho, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Jumba likapanda mpaka orofa ya saba, likapakwa rangi ya maziwa, likajaa watu. Dereva wake Kivuva alipotafuta nyumba, Wanza ndiye aliyemwombea kwa Mureithi. Akampa nyumba ya orofa ya tatu. Hapo Wanza alipaswa kusema neno, lakini alinyamaza, na kimya kile ndicho kilichomla moyo baadaye kuliko hata mchanga wenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alipanda kwenda kumwona Ndindi, mtoto wa Kivuva wa miaka miwili, aliyekuwa na homa. Mama yake, Asenath, alikuwa jikoni akisukuma kipande cha sabuni ndani ya ufa wa nguzo.

"Ni mende, Mama Tiffany," alisema akicheka. "Wanatokea hapa. Lakini hii sabuni nayo haikai. Wiki jana ilijaa vizuri, leo imeanguka yenyewe."

"Imeangukaje?"

"Si ufa umepanuka! Hata mlango wa choo haufungi siku hizi. Kivuva ameupiga randa mara mbili."

Wanza alitoa ufunguo wa lori akakwaruza nguzo. Alitegemea ufunguo ukwame. Haukukwama. Nguzo ilimwagika mkononi mwake kama unga wa ugali, na ndani ya unga ule aliiona rangi nyekundu ya shimo. Akakaa juu ya mtungi wa gesi. Asenath alidhani ni presha, akamletea maji.

Kesho yake alimfuata Mureithi Soko la Burma, alikokuwa akila nyama na mafundi wake. Mzee alimsogezea kiti.

"Kaa ule, mama."

"Sikuja kula, mzee. Ule mchanga wa Aprili, wa orofa ya tatu, nilikuuzia mbaya. Niliuosha uso. Nguzo zinamwagika. Naomba uwatoe watu."

Mureithi aliwaangalia mafundi, nao wakaenda kunawa mikono bila kuambiwa. Akatafuna polepole mpaka akameza.

"Miaka ishirini najenga, Wanza. Unadhani sijui mchanga wa shimo? Ule siku ya kwanza tu niliujua. Ndiyo maana sikupanda juu ya lori kuupima."

Siku zote Wanza alikuwa ameibeba dhambi ile akidhani ni yake peke yake.

"Basi watoe watu," alirudia.

"Niwatoe niwapeleke wapi, kwako? Lile jumba lina mkopo wa benki, mama. Na ukienda kupiga kelele huko nje, kumbuka atakayeulizwa kwanza ni aliyeuza." Akamkatia kipande cha nyama akakiweka kwenye sahani mbele yake, kwa adabu kabisa.

Wanza alipiga kelele hivyo hivyo. Alisimama langoni pa jumba jioni, watu wakitoka kazini, akasema yote, pamoja na uovu wake mwenyewe. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa darasa la nne anaijua, lakini mwambie mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mwezi uone atakavyokutazama. Wengine walimhurumia. Wengine walicheka.

"Mathe, si ni Mureithi amekunyima kazi?" kijana mmoja aliuliza. "Sema tu ukweli."

Mwanamke mwenye mfuko wa sukuma wiki alikuwa mkali zaidi. "Hii nyumba ilipigwa X nyekundu ya kubomolewa na watu wa kukagua, ikapakwa rangi juu, na tuko. Huku kwetu nani hajalala kwa nyumba ya X? Tuhame twende wapi? Runda kwa matajiri?"

Alipiga simu kwa wakaguzi pia. Akaambiwa aandike barua, akaandika, akaambiwa asubiri. Waliomwamini walikuwa nyumba moja tu, ya Kivuva, na hao waliamini kwa sababu Asenath alikuwa ameona uso wa Wanza ulivyopauka siku ile jikoni. Wakahamia uani kwake, katika kibanda cha mabati alimokuwa akiweka makoleo na magurudumu ya akiba. Kilivuja, kilinuka oili, Ndindi akaanza kukohoa. Hawakulalamika.

Lakini nyumba nyingine ishirini na saba zilibaki mle ndani, na Wanza alianza kukosa usingizi na hamu ya kula. Ndipo Jumanne moja, saa nne asubuhi, alipochukua ufunguo akiwa peke yake. Kivuva alikuwa ameenda kununua dizeli. Lori lilikuwa limejaa udongo mweusi wa msingi fulani wa mtaa wa Fedha, ule unaonata viatuni mpaka mguu unakuwa mzito kama jiwe. Mbaluka alikuwa amemfundisha kuendesha zamani, walipokuwa hawana uwezo wa kuajiri dereva. Aliliendesha hadi kwenye jumba, akalirudisha kinyumenyume mpaka langoni, akashuka, akapaza sauti.

"Gesi! Gesi inavuja! Tokeni!"

Walitoka wote kwa dakika tano, akina mama na watoto mgongoni, mzee mmoja mwenye bakora, mlinzi wa usiku akiwa na shuka kiunoni. Ukweli hawakuusikia wiki mbili, uongo mmoja ukawatoa mbio. Alipohakikisha hakuna aliyebaki, alipanda akavuta mkono wa tipa. Tani saba za udongo mweusi zilishuka langoni, zikafunika lango, zikafunika na mlango wa ngazi nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, Wanza alipumua.

Pumzi ile haikudumu. Watu walipoelewa kwamba hakuna gesi, walimzingira. Mmoja alimpiga kofi, mwingine akamvuta kitambaa cha kichwa, na pengine wangelichoma lori kama Mureithi hangefika. Alifika na makoleo kumi na kreti nne za soda. Alituliza watu kwa sauti yake ya madhabahuni, akaahidi nusu kodi mwezi ujao, na wanaume walipotoka kazini wakavua mashati. Kazi ilifanyika kwa utani na nyimbo. Kufikia saa kumi na mbili njia ilikuwa imefunguka, na watu wakapanda kupika. Lori lilikokotwa hadi kituo cha polisi. Wanza akaandikishwa kosa la kuharibu mali na kuzua taharuki.

Lori lilikaa huko wiki tano. Ambaye hajawahi kuishi kwa jasho la lori moja haelewi hilo. Tiffany alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo, Kivuva akawa anabeba magunia Burma, na Wanza alikuwa anakunywa chai ya rangi mchana akiiita chakula. Ndipo wakili wa Mureithi alipomletea karatasi moja. Ilisema kwamba mchanga wote aliopeleka ulikuwa safi na ulipimwa. Ilisema alifanya aliyoyafanya kwa hasira ya kunyimwa kazi. Akitia sahihi, mashtaka yanafutwa na lori linaachiliwa siku hiyo hiyo.

Aliisoma mara tatu. Alijiambia kwamba hakuna aliyekuwa akimwamini hata hivyo, kwa hiyo karatasi haibadilishi kitu. Huo ulikuwa uongo wa aina ile ile ya "saruji itafunika", na safari hii pia alilijua hilo. Akatia sahihi.

Lori lilirudi Ijumaa. Kufikia jioni picha ya karatasi ilikuwa kwenye kundi la simu la wapangaji, na nakala imebandikwa langoni.

Jumamosi asubuhi alimkuta Asenath uani akifunga godoro kwa kamba, uso umechangamka kama wa mtu anayekwenda harusini.

"Mama Tiffany, Mungu akubariki," alisema. "Si ungetuambia mapema tu kwamba yalikuwa mambo ya hasira? Sisi tunakuelewa. Kila mtu hukasirika. Leo tunarudi kwetu, huyu mtoto kifua kipone."

"Msirudi," Wanza alisema.

Asenath alicheka, akadhani ni mapenzi. Kivuva alitoka kibandani na mtungi wa gesi begani. "Nilikuwa nataka kukuomba lori, mathe. Ni safari moja tu."

"Kivuva, ile karatasi ni uongo. Nilitia sahihi ili nilipate lori. Nguzo zile ni mbovu. Zinaua."

Kivuva aliutua mtungi chini. Alimtazama bila ukali, jinsi mtu anavyomtazama mlevi anayemheshimu.

"Sasa tushike gani, Mama Tiffany? Ulisema mchanga ni mbaya. Ukasema gesi inavuja. Ukaandika kwa mkono wako mchanga ni safi. Leo tena ni mbaya." Alitikisa kichwa. "Kama ni lori unatunyima, sema tu. Hatutakasirika."

"Lori silitoi kwa kazi hiyo."

"Sawa."

Akaenda kuleta mkokoteni. Wanza aliomba, akawashika mikono, akasema atawatafutia nyumba nyingine, atawalipia yeye. Wakamjibu kwa heshima, wakaendelea kupakia: godoro, sufuria, redio, beseni. Asenath alipokosa mkono wa kumbebea mtoto, alimwinua Ndindi akampa Wanza, kama alivyokuwa akifanya kila siku wiki hizo zote.

Basi Wanza akatembea nyuma ya mkokoteni na mtoto mgongoni. Ndindi alikuwa amelala, pumzi yake ikiwa moto shingoni pa Wanza, na kikohozi kidogo kikimtikisa mara kwa mara. Wapita njia waliwasalimia. Walipofika langoni Kivuva alianza kupandisha vitu. Alishuka na kupanda, akashuka na kupanda, mpaka mkokoteni ukabaki mtupu.

"Haya, nipe mtoto," Asenath alisema.

Wanza alikaza leso kifuani.

"Mama Tiffany. Nipe mtoto, alale kitandani."

"Mwache leo alale kwangu. Leo tu."

"Nipe mtoto wangu." Sauti ya Asenath ilikuwa imebadilika. Madirishani juu vichwa vilianza kujitokeza, na mtu akasema kwa sauti kwamba yule mwanamke wa mchanga amerudi tena. Mlinzi aliinuka kwenye kiti chake. Asenath alinyoosha mikono yote miwili, na machoni pake sasa palikuwa na hofu, hofu halisi. Si jumba aliloliogopa.

Wanza akafungua leso, akampa.

Asenath alimpokea haraka, akamkumbatia, akaingia bila kuaga. Wanza alibaki akisikiliza viatu vyao vikipanda ngazi. Alitaka kuwaambia wakanyage polepole.